Jua Halitakuambia Usimame: Jibu kwa Msomaji Anayekwenda Nordkapp kwa Pikipiki

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Likoni, naishi Hamburg mwaka wa sita sasa. Kabla ya kuja huku niliendesha bodaboda miaka mitatu. Nina leseni ya A2 na Honda CB500X, na nimepata likizo ya wiki tatu kuanzia katikati ya Juni. Nataka kwenda Nordkapp, ile rasi ya kaskazini ya Norwei, peke yangu, nilale kwenye hema, nirudi kwa kupitia Norwei. Nimesikia kule unalala popote bure: ni kweli? Nipite njia gani, nibebe nini, na saa za swala nitazijuaje kama jua halizami? Mke wangu anasema nimerukwa na akili."

Jibu: Ndugu yangu, kwanza nisalimie shemeji, umwambie hujarukwa na akili. Lakini ana haki ya kuogopa, ila nadhani anaogopa visivyo. Yeye anawaza mbwamwitu, wezi, na mtu mbaya kukufungulia hema usiku. Mimi ni fundi wa pikipiki, naishi Uswidi, na huko juu nimepanda mara nne. Mbwamwitu sijamwona hata mmoja, wala sijaibiwa hata kijiko. Kitu kilichokaribia kuniua kule ni mwanga.

Sisi watu wa ikweta tumelelewa na jua lenye adabu. Linatoka kama saa kumi na mbili, linazama kama saa kumi na mbili, mwaka mzima, na saa zetu zenyewe tunazihesabu kwa kulifuata: saa moja asubuhi ni saa moja tangu kukuche. Ulipokuwa bodaboda, giza lilikufanyia kazi bila wewe kujua. Lilikuambia leo basi, rudi nyumbani. Kule Nordkapp, tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai jua halizami kabisa, na katikati ya Juni halizami hata Rovaniemi, Ufini, kilomita mia saba kabla hujafika. Hakuna wa kukuambia basi. Saa tano usiku barabara ni kavu, tupu, imepakwa rangi ya asali, na mwili unadanganyika kwamba ni saa kumi jioni.

Safari yangu ya kwanza nilikuwa kaskazini ya Sodankylä, Ufini, saa sita na robo usiku, jua liko usawa wa macho. Nilikuwa juu ya kiti tangu saa mbili asubuhi. Nikasimama kwenye maegesho nijisaidie. Nikashusha stendi ya pembeni kwa mguu, au ndivyo nilivyodhani: mguu ulikwenda, stendi haikwenda. Nikaiegemeza pikipiki juu ya hewa. Kilo mia mbili na hamsini pamoja na mizigo zikalala upande wa kushoto, mkono wa klachi ukakatika kama biskuti. Mbu wakanifikia kabla sijavua helmeti. Basi nikaketi chini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nilijaribu kukumbuka njia niliyotoka nikakuta kilomita thelathini za mwisho hazimo kichwani. Hata mto niliouvuka sikuukumbuka.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ubebe nini, weka sheria hii na umwahidi shemeji: saa kumi jioni unaanza kutafuta pa kulala, saa kumi na mbili hema limesimama, hata kama jua linawaka kama la mchana wa Mvita. Hema likisimama unamtumia ujumbe na mahali ulipo. Simu yako ya Ujerumani haina gharama ya ziada huko, maana Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la kiuchumi linalofuata kanuni hizo za simu. Ujumbe ule utakubana kuliko kengele yoyote. Mtu anayesafiri peke yake hana wa kumwambia "umechoka wewe", kwa hiyo unamwajiri mtu aliye mbali.

Sheria hiyo ndiyo inayopanga njia. Ufini, ambako barabara zimenyooka, kilomita 300 hadi 350 kwa siku zinatosha. Norwei hesabu 200 hadi 250, na siku za vivuko upunguze tena. Watakuja watu kukuambia walifanya 800 kwa siku. Waache. Hao hawakusafiri, walihamishwa.

Wengi wa Hamburg huvuka Puttgarden kwa feri ya dakika 45, wakapita Copenhagen na daraja la Øresund, kisha wakaifuata barabara ya E4 ya Uswidi siku tatu nzima. Mimi ningekushauri uupeleke mwili wako juu ukiwa umelala. Feri ya Travemünde kwenda Helsinki ni safari ya karibu saa 30. Unashuka Helsinki mifupa mizima, na mbele yako kuna kama kilomita 1,500 tu hadi Nordkapp: Jyväskylä, Oulu, Rovaniemi, Inari, kisha Karasjok upande wa Norwei, Lakselv na Olderfjord. Siku tano bila kukimbizana. Ni njia ya kuchosha macho, misonobari na maziwa, maziwa na misonobari, lakini uzuri wote unakungoja kwenye kurudi, na huko ndiko unakotaka uwe na siku nyingi. Wanaoanza na Norwei hufika Nordkapp likizo imeisha, wakarudi mbio kupitia Uswidi kama wanaofukuzwa.

Kuhusu feri, usiizoee kama ile ya Likoni. Hii inakatiza bahari ya Baltiki, na pikipiki isiyofungwa huanguka. Mfanyakazi atakuonyesha mahali na mikanda ilipo. Kufunga ni kazi yako. Weka gia ya kwanza, stendi ya pembeni chini, kiti ukikunjie taulo ili mkanda usikikate, kisha mkanda upite juu ya kiti na uvutwe pande zote mbili hadi springi za nyuma zibonyee kidogo. Usiinyanyue kwa stendi ya kati hata kama uliifunga. Toa vya kulalia na dawa zako kabla ya kupanda juu, maana sitaha ya magari hufungwa wakati wa safari.

Sasa kwenye hilo la kulala popote bure. Ni kweli nusu, na nusu ya pili ndiyo inayowaletea watu wa pikipiki matatizo.

Norwei wanaiita allemannsretten, haki ya kila mtu, na imeandikwa kwenye sheria ya mwaka 1957. Unaruhusiwa kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, hata ikiwa ni mali ya mtu, mradi uwe angalau mita 150 kutoka nyumba au kibanda chenye watu, na usikae mahali pamoja zaidi ya siku mbili bila ruhusa, isipokuwa milimani na mbali na makazi. Uswidi na Ufini wana haki kama hiyo; Waswidi wanaifupisha kwa maneno mawili, usisumbue, usiharibu. Denmark haki hiyo hakuna, na Ujerumani unaijua mwenyewe.

Lakini haki hii ni ya mwenye miguu. Pikipiki yako haimo. Kuendesha nje ya barabara kumekatazwa Norwei na Uswidi, na Ufini unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Hata mita ishirini kwenye nyasi ili usibebe mizigo, ni kosa. Maana yake ni kwamba pikipiki inabaki mahali halali pa kuegesha, na wewe unabeba hema na begi la kulalia kwa miguu hadi utakapolala. Hapo utajua kwa nini nasema usibebe vingi. Na ukifika visiwa vya Lofoten, Norwei, tazama mabango: watalii wamejazana hadi halmashauri zimepiga marufuku mahema sehemu kadhaa, hasa karibu na fukwe zenye majina.

Mimi huchanganya. Usiku mbili porini, wa tatu kwenye kambi ya kulipia yenye bafu la maji moto, jiko na mahali pa kuchaji simu. Kambi nyingi za Norwei zina vibanda vidogo vya mbao, wanaviita hytte, kitanda na hita ya umeme. Ukiwa umelowa siku mbili mfululizo, kodi kibanda, usione aibu. Mwili uliopoa huendesha vibaya, na glavu mbichi hazikauki ndani ya hema hata ukizilalia.

Moto wa kuni uusahau. Norwei, tangu 15 Aprili hadi 15 Septemba moto msituni na karibu na msitu umekatazwa, na hata ukiwa ufukweni ukame ukizidi halmashauri huongeza makatazo yake. Pika kwa jiko la spiriti au la gesi, kwenye mwamba au changarawe. Spiriti utaipata vituo vya mafuta na madukani. Norwei omba rødsprit. Kwa njia, ile Primus ya mafuta ya taa iliyokuwa ikivuma jikoni kwa bibi zetu ilizaliwa Stockholm mwaka 1892. Kwa hiyo ukipika kaskazini unarudisha jiko kwao.

Kupiga hema nako kuna ufundi wake, nitakuonyesha kwa sababu mbu wa Lapland, yaani kaskazini ya Ufini na Uswidi, si wa mzaha. Hawana malaria, lakini mwisho wa Juni wanatoka kama moshi, na baadaye kiangazi kuna vijidudu vidogo zaidi vinavyopenya neti ya kawaida. Watu hutafuta bonde lililokingwa na upepo, wakidhani wamepata. Wamepata mbu. Wewe tafuta mahali palipoinuka kidogo, upepo unapopita, mbali na maji yaliyosimama. Neti ya kichwa iwe mfuko wa kifuani, si ndani ya begi. Ukizima injini usivue helmeti. Funga kioo, vaa glavu nyembamba, toa hema. Hema lifungwe juu ya mizigo yote, la mwisho kuingia la kwanza kutoka, ili hata mvua ikinyesha usilazimike kufungua begi lenye nguo kavu. Mlango uupe mgongo upepo. Ukishaingia, ua wale kumi na tano walioingia nawe, halafu ndiyo unavua helmeti. Jirani akikuona ukikita vigingi na helmeti kichwani atacheka. Atakuwa ni mgeni kama wewe.

Stendi ya pembeni kwenye udongo laini huzama polepole, usiku wa manane ukasikia kishindo. Beba kipande cha plastiki ngumu ukubwa wa kiganja, ukitoboe tundu, utie kamba. Ukishusha stendi unakidondosha chini yake, ukiondoka unakivuta kwa kamba bila kuinama. Na kwenye pwani yenye upepo, simama upepo ukutokee mkono wa kulia, ili uisukume pikipiki iegemee stendi yake badala ya kuitupa upande wa pili.

Usingizi sasa. Hema lenye jua saa nane usiku ni kama kulala ndani ya taa. Mwombe shemeji leso moja, ile ya pamba nzito iliyofuliwa sana. Ikunje mara nne, ifunge machoni. Nimenunua vitambaa vya kuziba macho vya kila bei na hakuna kilichoishinda leso. Mchana unajifutia, unafunika kiti kisichome, unakausha nayo kioo. Chini ya mgongo usibane matumizi: watu hununua begi la kulalia la gharama kisha wakalala juu ya godoro la povu jembamba, na ardhi ya kule ndiyo inayokula joto. Begi ambalo kiwango chake cha starehe ni kama nyuzi sifuri linatosha kwa Juni na Julai.

Maana baridi, ndugu yangu, haina kiangazi. Kule kwenu Likoni kipupwe kikishuka nyuzi 22 mnavaa sweta. Nordkapp mwezi Julai wastani ni kama nyuzi 10, na kwenye nyuzi 10 ukienda kilomita 80 kwa saa ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 4. Siri ni tabaka: sufu ya merino mwilini, siyo pamba, maana pamba ikilowa inakaa imelowa, juu yake sweta jepesi la joto, koti la pikipiki, na suti ya mvua ya kuvaa juu ya vyote. Vaa suti ya mvua kabla mvua haijaanza. Vishikio vya usukani vyenye joto, kama pikipiki yako haina, ndicho kitu kimoja ambacho ningekuambia ununue hata kwa kukopa. Kidole kilichokufa ganzi hakijui kuminya breki taratibu.

Wanyama ni wawili wa kuwaheshimu. Wa kwanza ni kulungu wa Wasami, wenyeji wa kaskazini. Wale unaowaona barabarani si wa porini, kila mmoja ana mwenyewe na alama sikioni. Wanatembea katikati ya lami kana kwamba wameijenga wao. Ukiwatisha, badala ya kutoka hukimbia mbele yako, kilomita nzima, halafu mmoja hugeuka ghafla. Punguza hadi mwendo wa mtu, subiri, pita kwa mbali. Siku za joto huingia kwenye mahandaki kukimbia mbu. Ukimgonga, ni lazima kuripoti. Namba ni 112 Ufini na Uswidi, na Norwei 112 ni polisi, gari la wagonjwa ni 113.

Wa pili ni yule Waswidi wanamwita älg, jamii ya kulungu lakini begani anafika mita mbili na uzito wake unapita wa pikipiki yako na wewe mwenyewe juu yake. Miguu mirefu, mwili uko juu: gari linamkata miguu, mwili unaingia kwa dereva. Kwa pikipiki sina haja ya kueleza. Hutoka zaidi machweo na alfajiri, na kwa kuwa huko juu machweo ya Juni ni usiku mzima, ile sheria ya saa kumi na mbili jioni inakukinga naye pia. Uzio ukiisha pembezoni mwa barabara, tazama ukingo wa msitu, si lami.

Kilomita 129 za mwisho, Olderfjord hadi Nordkapp, ni barabara ya E69, na hutaisahau. Bahari kulia, miamba kama vitabu vilivyopangwa kushoto, hakuna mti hata mmoja. Halafu handaki linaloingia chini ya bahari kwenda kisiwa cha Magerøya, urefu karibu kilomita 7, na kina chake mita 212 chini ya usawa wa bahari. Lilifunguliwa mwaka 1999. Vua miwani ya jua kabla ya kuingia, fungua kioo cha helmeti upana wa kidole kisishike ukungu, na usiogope mteremko; gia ya tatu, injini ikushike. Kule chini baridi inakuingia hadi kwenye meno.

Mwisho wa njia ni jabali la mita 307 juu ya bahari na lile tufe la chuma ambalo kila mtu hupiga nalo picha. Mtu atakuambia kwamba si ncha ya kaskazini kweli, kwamba rasi ya jirani, Knivskjellodden, imeipita kidogo. Ni kweli, nayo unaifikia kwa miguu tu. Mabasi ya watalii huja kuwahi saa sita ya usiku. Wewe nenda asubuhi, utakuta upepo na watu watatu. Hata hilo la usiku wa manane usilifuate. Utalipa kwa kuendesha umechoka.

Kurudi, shuka Alta, Tromsø, kisiwa cha Senja, kisha feri ya kiangazi ya Gryllefjord kwenda Andenes, uteremke Lofoten hadi Moskenes, uvuke hadi Bodø. Hapo wengi huingia barabara kuu ya E6 wakaondoka. Wewe chukua barabara ya pwani, namba 17, Kystriksveien: kilomita 650 hadi Steinkjer na vivuko sita. Siku nne uzitoe kwake bila majuto. Mwanzoni tu, karibu na Bodø, ipo Saltstraumen, mlango mwembamba ambao maji kujaa na kupwa hupita kwa nguvu zinazohesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Maji yanazunguka mashimo shimo kama uji unaokorogwa. Mtoto wa Likoni anayejua bamvua atakaa pale saa nzima. Na ubebe mshipi: kuvua baharini kwa fimbo kutoka ufukweni ni bure kwa kila mtu Norwei, mradi usiuze. Mitoni ndiko kunakohitaji kibali. Samaki wa pale pale amenitatulia pia suala la nyama halali, ambayo kwenye vijiji vile huipati. Unga wa sembe nilibeba safari ya kwanza tu. Ugali juu ya jiko la spiriti unakula mafuta ya siku mbili, na sufuria uisugue kwa mchanga. Uji ndio unaofaa, asubuhi, na ndizi.

Kusini ya Trondheim kuna barabara ya Atlanterhavsveien, kilomita 8 na ushee zenye madaraja manane yanayoruka kisiwa hadi kisiwa. Nzuri, na fupi kuliko picha zake. Barabara ya mlimani ya Trollstigen na kona zake 11 hufungwa mara nyingine kwa mawe yanayoporomoka, angalia kwanza. Sognefjellet, njia ya mlimani inayofika mita 1,434, mapema Julai huenda bado ukapita kati ya kuta za theluji. Pita mchana, maana maji yaliyoyeyuka huganda usiku. Halafu Oslo, na feri ya saa 20 hadi Kiel.

Pikipiki yako inatosha. Usikubali mtu akuambie unahitaji ya cc elfu moja na mia mbili. Tangi la lita 17 na ushee linakupeleka zaidi ya kilomita mia nne kama huna papara, lakini Finnmark, jimbo la kaskazini kabisa la Norwei, jaza likifika nusu, maana kituo kinachofuata kinaweza kuwa umbali wa saa moja na nusu na kisiwe na mtu. Pampu za peke yake hutaka kadi yenye namba ya siri, na huzuia kiasi fulani cha fedha kwenye akaunti kwa muda, usishtuke. Noti utarudi nazo. Wenyeji wana Vipps na Swish kama sisi tulivyo na M-Pesa, lakini mgeni asiye na benki ya huko hazimfai.

Kabla ya kuondoka weka tairi la nyuma jipya kama lililopo limekwenda nusu, badilisha oili, tazama pedi za breki. Beba vifaa vya kuziba pancha (tairi zako hazina tyubu, unaziba bila kulivua), pampu ndogo, mkono mmoja wa klachi na mmoja wa breki, na sasa unajua kwa nini. Cheni ipakie mafuta jioni ikiwa bado ya moto, ili usiku mafuta yaingie; asubuhi ukipaka yanaruka kwenye tairi. Kama huna stendi ya kati, paka kipande, sukuma pikipiki hatua moja, paka kingine. Barabara za Norwei na Uswidi hufumuliwa wakati wa kiangazi, unaweza kukuta kilomita kadhaa za kokoto na matope. Wenzako wa Hamburg hapo huwa wanalia. Wewe uliyepakia abiria na gunia Likoni wakati wa masika, simama kwenye vikanyagio, legeza mikono, pita.

Ushuru wa barabara Norwei kwa kawaida haukuhusu, pikipiki zimesamehewa karibu kote, lakini baadhi ya vivuko utalipa. Mwendo kasi usicheze nao: kikomo nje ya miji ni 80, faini moja inaweza kumeza bajeti ya wiki, na Ufini faini kubwa hupimwa kwa kipato chako. Chukua pasipoti na kadi ya ukaazi, vyote viwili, vikiwa hai hadi baada ya kurudi. Kadi ya Ujerumani inakuruhusu siku 90 ndani ya siku 180 katika nchi nyingine za Schengen, Norwei ikiwemo, lakini siku hizi ukaguzi wa muda mipakani ni jambo la kawaida, na sisi wenye sura zetu husimamishwa kidogo zaidi. Uwe na uanachama wa kuvutwa pikipiki unaofika nje ya Ujerumani. Kuvutwa kutoka Finnmark kwa fedha yako mwenyewe ni bei ya pikipiki nyingine.

Swala nimeiacha karibu na mwisho kwa sababu mimi si sheikh. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wengine husema ufuate saa za mji wa karibu ambao usiku na mchana wake unatofautiana, wengine wanasema saa za Makka, na msafiri ana ruhusa zake za kupunguza na kukusanya. Muulize imamu wako hapo Hamburg kabla ya kuondoka, chagua moja, uiweke kwenye simu, usibadilishe njiani. Rafiki yangu mmoja niliyepanda naye mara ya tatu alifanya hivyo, na nikaona ajabu: yeye hakuchoka kama mimi. Simu ikiadhini alisimama, akashuka, akatafuta maji, akanyoosha mgongo. Mara tano kwa siku kuna mtu alimwambia basi.

Ukishuka Kiel asubuhi, nyumbani ni kama kilomita mia moja, na utataka kutupa kila kitu chumbani ulale. Hema litandaze kwanza barazani hadi likauke kabisa. La kwangu la kwanza nililikunja bichi, nikalifungua Agosti, likawa na madoa meusi na harufu ambayo hakuna sabuni iliyoitoa.